Usiku wa Bodo na Taa za Gari Kuukuu

Atokaye Ukunda kuelekea Lunga Lunga huuacha upande wake wa kushoto ule ukanda wa hoteli za Diani, akapita Mwabungo na Kinondo, penye msitu wa kaya unaotunzwa na wazee wa Kidigo tangu jadi, kisha akafika Gazi, ambapo akina mama wamejenga njia ya mbao katikati ya mikoko ili wageni wapite wakitazama na kijiji kipate riziki. Baada ya Gazi ni Msambweni, mji wa hospitali ambayo nusu yetu tumezaliwa humo ama tumezalia humo. Halafu huja Ramisi, jina ambalo wazee hawalitaji bila kukumbuka sukari, kwa kuwa kiwanda cha zamani kilikuwa ndicho mlezi wa eneo zima hadi kilipofungwa mwaka 1988. Ni upande huo wa Ramisi ambapo njia ya vumbi hujitenga na lami ikateremka kushoto baina ya minazi, miembe na mikorosho. Mwisho wake ni Bodo.

Bodo si mji wa kupitia. Ni mji wa kuendea. Mbele yake hapana barabara tena, bali maji, mikoko, na kisiwa cha Funzi ng'ambo. Wageni wengi hukijua kijiji hiki kwa dakika chache tu: wanashuka garini, wanapanda boti, wanakwenda Funzi ama kuutazama mto Ramisi na mamba wake. Mwenye kukaa zaidi ya dakika hizo huona mengi. Pwani hii baina ya Gazi na Funzi ni nchi ya Washirazi wanenao Kichifundi, kama Wasini na Vanga zilivyo nchi ya Kivumba. Maneno yao hutamkwa kwa upole ambao watu wa Mombasa wameusahau, na mgeni akitoa shikamoo hajibiwi marahaba peke yake, bali huulizwa habari za nyumbani kwao mpaka mjukuu wa mwisho.

Alasiri wanaume hutengeneza nyavu chini ya kivuli na akina mama huchambua mchele wakizungumza. Maji yakijaa, mashua huelea. Yakitoka, hulala ubavu juu ya tope. Mji mzima huishi kwa saa ya bahari, na gari ni mgeni aliyekuja baadaye katika maisha hayo. Lakini ni mgeni aliyekwisha kuwa wa lazima. Samaki wa kuuza Ukunda huenda kwa gari. Bibi harusi huja kwa gari. Na mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi saa nane za usiku hana njia nyingine ya kufika Msambweni ila gari la jirani au pikipiki.

Giza la ghafla

Sisi wa pwani ya kusini tuko karibu na ikweta, na jua letu halina mazoea ya kuaga polepole. Saa kumi na mbili na nusu bado mtu husoma gazeti barazani. Adhana ya magharibi ikimalizika na watu wakitoka msikitini, giza limekwisha kutanda. Katika njia ya Bodo hakuna taa za barabarani. Usiku usio na mbalamwezi, mwanga wote alionao msafiri ni ule unaotoka katika taa mbili za mbele za gari lake.

Shaaban iliyopita tulikuwa Bodo katika harusi, kama ilivyo ada ya kukimbiliza harusi kabla ya Ramadhani. Baada ya isha tuliondoka wanawake wanne na watoto watatu, katika gari la familia la shemeji yangu, gari la viti saba lililotoka Japani likiwa limetumika na ambalo hapa petu lilikuwa limekwisha kubadili wenyewe mara mbili. Dereva alikuwa kijana wa mji huo, mtulivu na mwenye adabu. Tulikuwa tumepita nyumba za mwisho pale taa zilipocheza mara moja, zikacheza tena, kisha zikazima zote mbili. Hazikufifia, zilizima kama mshumaa uliopulizwa.

Watu wengi hudhani kwamba gari likizimika taa mtu husimama tu, yakaisha. Lakini gari lilikuwa likienda, njia ilikuwa na kona, na baina ya kuzima kwa taa na kusimama kwa gari palikuwa na sekunde kadhaa ambazo hakuna aliyekuwa akiona kitu. Dereva alifanya lililo sawa: aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani vilevile, akakanyaga breki kwa utaratibu. Tuliposimama tulisikia sauti za watu kando yetu. Walikuwa wanawake wawili na msichana wakirudi kutoka harusi ile ile kwa miguu, wote katika mabuibui meusi, hatua tatu tu kutoka bampa yetu. Hawakuwa wametambua kwamba gari limepotewa na taa; walidhani limepunguza mwendo kwa heshima yao.

Mama mmoja mkubwa tuliyekuwa naye alikaa kimya mpaka watoto walipotulia, kisha akamwambia dereva, "Mwanangu, Mwenyezi Mungu amelinda. Lakini gari hili ndilo lililompeleka Mwanaisha hospitalini mwezi jana. Leo ingekuwa zamu yake, angezalia wapi?" Hapana aliyemjibu. Tulirudi hadi kijijini nyuma ya pikipiki moja, tukifuata taa yake nyekundu kama punda afuatavyo mwenziwe.

Kwa nini taa hufa pwani

Asubuhi yake gari lilipelekwa kwa fundi wa umeme wa magari huko Ukunda, na alichokionyesha kinafaa kuelezwa, kwa sababu magari mengi ya nyumbani kwetu yana maradhi hayo hayo.

Jambo la kwanza ni chumvi. Kila taa hupokea umeme kwa waya mmoja na kuurudisha kwa waya mwingine uliofungwa kwenye bodi ya gari, ambao mafundi huuita ethi. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, nayo hula chuma mahali pale pale waya unaposhikana na bodi. Kutu ikiingia, umeme hukosa njia nzuri ya kurudi. Taa hufifia, hucheza gari likipita shimo, na mwisho huzima. Kwa kuwa mara nyingi taa mbili hutumia ethi moja, ama swichi moja, ama rilei moja, huweza kuzima pamoja, hata kama balbu zote ni nzima. Mwenye gari hununua balbu mpya, taa huwaka siku mbili kwa kuwa waya umetikiswa, kisha maradhi hurudi.

La pili ni jua. Kioo cha taa za siku hizi si kioo, bali ni plastiki ngumu. Jua letu huila plastiki hiyo mwaka baada ya mwaka ikawa ya manjano na yenye ukungu kama jicho la mtoto wa jicho. Ndani, kile kikombe kinachong'aa ili kurudisha mwanga mbele nacho huchakaa, hasa maji yakiingia. Taa huwaka, lakini mwanga haufiki njiani.

La tatu, nalo ndilo lililokuwa katika gari letu, ni dawa mbaya ya ugonjwa huo wa pili. Mtu akiona taa zake hazioni mbali, hutia balbu kali zaidi. Balbu ya kawaida ya magari mengi ya namna hii hula wati 55 kwa mwanga wa chini, ambao madereva huuita dimu, na wati 60 kwa mwanga wa juu, yaani fuli. Nyaya na soketi zimepimwa kwa kiasi hicho. Ukitia balbu ya wati 100, umeme unaopita unakaribia maradufu, soketi hupata moto, plastiki yake huyeyuka kidogo kidogo, na siku moja huachana na waya. Fundi alitutolea soketi iliyokuwa imebadilika rangi kama mkate ulioungua. Aliyekuwa mwenye gari kabla ya shemeji ndiye aliyezitia balbu zile, na alipoliuza alizisifu kuwa ni taa zinazoona mpaka Tanga.

Lipo na la nne, ambalo huwadhuru wengine kuliko mwenyewe. Spea nyingi za mitumba hutufikia kupitia Dubai. Katika nchi zile magari hupita upande wa kulia wa barabara, hali sisi, kama Wajapani, hupita kushoto. Taa ya mbele hutengenezwa ili mwanga wake wa dimu upande kidogo upande wa kando ya njia na ushuke upande wa gari linalokuja. Taa iliyotengenezwa kwa nchi za kupita kulia, ikifungwa kwenye gari la huku, huinua mwanga machoni pa dereva anayekuja. Ndiyo maana usiku barabara ya Lunga Lunga hukutana mtu na magari ambayo yameshusha taa, na bado humpofusha.

Hapa hesabu kidogo itasaidia. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huhitaji sekunde moja na nusu hivi kabla mguu wake haujagusa breki, na katika muda huo gari limekwenda zaidi ya mita 30. Kusimama kwenyewe huhitaji kiasi kama hicho tena, hata kwenye lami kavu. Jumla ni mita 65 au 70. Taa za dimu zilizo nzima humulika yapata mita 50 au 60. Maana yake ni kwamba mwendo wa 80 kwa dimu, hata kwa taa nzuri, tayari ni kwenda kwa kubahatisha. Na kwa taa zenye ukungu ni kwenda umefumba macho. Mwendo wa 50 huhitaji mita 35 hivi, nazo zimo ndani ya mwanga.

Mwito usiofika

Baada ya soketi kubadilishwa, fundi aliuliza swali ambalo hakuna aliyelitazamia: "Gari hili lilipata kuitwa?" Tulidhani anauliza kuhusu polisi.

Kiwanda cha magari kikigundua kwamba kifaa fulani kilichokwisha kuuzwa ni cha hatari, hutakiwa na sheria za nchi nyingi kuwaita wenye magari hayo wayarudishe kwa wakala, na kifaa kibadilishwe bila malipo. Huu ndio mwito wa marekebisho. Taa nazo zimo katika miito hiyo. Mnamo Novemba 2014 kampuni ya General Motors iliyaita magari zaidi ya 300,000 ya Amerika ya Kaskazini, mengi yakiwa yametumika miaka mingi, kwa sababu kifaa kinachoongoza taa kiliweza kushindwa na taa za dimu zikazima zote kwa pamoja. Oktoba 2012 Toyota iliita magari zaidi ya milioni 7 duniani kote kwa ajili ya swichi ya madirisha ya umeme ambayo iliweza kupata moto. Aina ya Vitz, inayojulikana kila mtaa hapa petu, ilikuwamo.

Mwito uliotikisa dunia zaidi ni ule wa mifuko ya hewa ya kampuni ya Kijapani ya Takata. Mfuko wa hewa hukaa ndani ya usukani na mbele ya abiria, nao hufumuka gari linapogonga. Takata ilitumia kemikali iitwayo amonia nitrati kuufumua. Ilikuja kujulikana kwamba kemikali hiyo, ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, huharibika, na siku ya kufumuka hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikapasua kopo lake la chuma na kurusha vipande kwa watu waliomo garini. Viwanda vingi vikubwa, vikiwemo Honda, Toyota, Nissan na Mazda, vilikuwa vimeinunua. Miito ilianza mwaka 2008 na ikaendelea kupanuka miaka mingi baadaye. Vifaa vilivyoitwa duniani vilipita milioni 100, na Takata yenyewe ilifilisika Juni 2017. Marekani peke yake walikufa zaidi ya watu 20.

Ndugu msomaji, rejea maneno yale mawili: joto na unyevu. Wachunguzi waliona hatari kubwa zaidi katika magari yaliyokaa miaka mingi katika nchi za joto la pwani. Je, kuna maelezo yanayofanana zaidi na Bodo, na Msambweni, na Mombasa?

Sasa tazama namna mwito unavyopotea njia. Gari likiwa Japani, barua ya mwito hutumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa. Gari likiuzwa nje, usajili wake hufutwa kule. Linapanda meli, linashuka Mombasa, linapewa nambari ya Kenya, linauzwa mara moja, mara mbili, mara tatu. Barua haina pa kwenda. Kanuni ya Kenya, iliyomo katika kiwango cha ubora KS 1515, hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza kuingia nchini, na magari hukaguliwa kabla ya kupakiwa. Huo ni mlango mzuri. Lakini mwito wa kiwanda huweza kutolewa miaka kumi au zaidi baada ya gari kutengenezwa, wakati ambapo gari liko zamani katika njia ya Bodo, likibeba samaki asubuhi na wanawake wa harusi usiku.

Fundi alichukua nambari ya chesi, ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari na kupigwa muhuri kwenye chuma cha gari lenyewe, akaiingiza katika tovuti ya kiwanda cha Japani kwa simu yake. Jibu lilikuja kwa Kijapani, programu ya simu ikalifasiri. Gari la shemeji lilikuwa limeitwa miaka mingi iliyopita, na kazi haikuwa imefanywa. Haikuwa kwa ajili ya taa. Ilikuwa kwa jambo jingine ambalo hakuna aliyekuwa akilijua, wala muuzaji, wala mnunuzi, wala sisi tuliolipanda na watoto wetu.

Aibu ya bidhaa

Baadhi ya watu husema kwamba gari la mitumba hununuliwa kama lilivyo, na mwenye kununua avae miwani. Sheria ya dini yetu haikuliacha jambo hili wazi namna hiyo. Mafakihi wamelijadili chini ya mlango wa khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kwamba bidhaa ilikuwa na kasoro iliyofichwa kabla ya kuuzwa, ana haki ya kuirudisha kwa masharti yaliyoelezwa. Na kila mtoto wa madrasa anakijua kisa cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini ya ukavu, akamkaripia mwenye nayo kwa kuuficha. Balbu kali iliyotiwa kufunika taa zilizochoka ni unyevu chini ya nafaka kavu. Tofauti ni kwamba nafaka iliyolowa huharibu chakula, na taa iliyofunikwa hutoa roho.

Serikali nayo imesema neno lake. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari zinazohitajika, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Mwenye kuuza gari kwa jirani yake anaweza kuanza na jambo dogo: aseme analolijua. Na asilolijua, amwachie mnunuzi saa moja ya kuliuliza.

La kufanya nyumbani

Katika nyumba nyingi gari huandikwa jina la baba, lakini wanaolipanda zaidi ni mama na watoto. Kwa hiyo si aibu mama kuuliza habari za taa kama aulizavyo habari za gesi ya jikoni. Haya yafuatayo hayahitaji ufundi.

Mara moja kwa mwezi, jua likizama, lisimamisheni gari mbele ya ukuta, umbali wa hatua saba au nane. Washeni dimu. Mianga miwili iwe ya rangi moja na kimo kimoja, nayo ipande kidogo upande wa kushoto. Ikipanda kulia, taa hiyo si ya nchi yetu. Kijana akanyage mafuta kidogo gari likiwa limesimama: taa zikizidi kung'aa sana, betri ama altaneta imechoka. Gongeni bodi kwa kiganja karibu na taa. Ikicheza, waya umelegea au una kutu. Plastiki ikiwa na ukungu, fundi anaweza kuisugua na kuing'arisha kwa gharama ndogo kuliko taa mpya. Balbu zibadilishwe mbili kwa pamoja, za wati zile zile zilizoandikwa, na balbu moja ya akiba, fyuzi chache na tochi vikae garini.

Taa zikizima njiani, dereva asikate kona wala kukanyaga breki kwa pupa. Ajaribu fuli, kwa kuwa mara nyingi ina njia yake mbali na dimu. Awashe taa za dharura, ateremke kushoto, aweke pembetatu za tahadhari, na abiria wote washuke wakae kando ya njia upande wa kushoto, mbali na gari. Watoto washikwe mikono kabla mlango haujafunguliwa.

Nambari ya chesi ipigwe picha na kuhifadhiwa katika simu. Kijana wa nyumbani ajuaye intaneti aitafute katika tovuti ya kiwanda, na arudie kila mwaka, maana gari lisiloitwa mwaka huu huweza kuitwa mwaka ujao. Ikionekana kwamba kazi haijafanywa, iandikwe barua kwa wakala wa aina hiyo ya gari, kwa nambari na tarehe, na nakala ihifadhiwe. Ikiwa mwito ni wa mfuko wa hewa, mtu asikae kiti hicho mpaka kitengenezwe ikiwa viti vingine vipo, na fundi wa mtaani asiruhusiwe kuufungua. Watoto wakae nyuma siku zote.

Nasi tutembeao kwa miguu tuna sehemu yetu. Waendao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaokufa katika barabara za Kenya, na buibui jeusi usiku usio na mwezi halionekani na taa dhaifu mpaka gari limefika. Tochi ya simu ikielekezwa chini mbele ya miguu, mkoba mweupe mkononi, ama kitambaa chenye mng'aro kilichoshonwa kwenye mfuko wa mtoto wa madrasa, humpa dereva zile mita 30 anazozihitaji. Tutembee upande wa kulia, tukiyatazama magari yanayokuja, si mgongo kwayo.

Wenyeji wa Bodo hawakuhitaji kufundishwa haya kwa muda mrefu. Mvuvi aendaye bahari ya usiku huijaribu karabai yake ufukweni, si kilindini. Na mashua haishushwi majini kabla nahodha hajapapasa mbao zake na kuona kama kalafati bado imeshika. Siku chache baada ya harusi ile, mama mkubwa alilizungumza jambo hilo katika chama cha akina mama wa mtaa wake, na wakakubaliana neno moja. Magari manne ya hapo mjini ambayo wenyewe hukubali kuamshwa usiku kwa ajili ya mama mjamzito yatawashwa taa kila Alhamisi baada ya alasiri, na lile ambalo taa zake hazikuwaka zote mbili halitaitwa mpaka litengenezwe. Gharama ya balbu itatoka katika mfuko wa chama.

Tulipofika kuwapa hongera ya arusi, juma lililofuata, magari matatu yalikuwa yameegeshwa karibu na msikiti, taa zao zikiwaka mchana mweupe, na watoto wamezizunguka wakihesabu. La nne, la shemeji yangu, lilikuwa bado kwa fundi.